Shilingi Moja kwa Juma: Ada, Madeni na Uhuru wa Vyama vya Kitaaluma, kutoka London ya 1660 hadi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya fedha katika maisha ya vyama vya kitaaluma kwa kulinganisha taasisi mbili zilizotofautiana kwa chanzo cha mapato: Royal Society ya London, iliyoanza kwa ada za wanachama wake, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 na kugharimiwa na serikali. Inajengwa hoja kwamba suala la ada halihusu mapato peke yake. Linahusu pia nani ana haki ya kukiuliza chama kinafanya nini.

Utangulizi

Historia za vyama vya kitaaluma huandikwa kwa kufuata marais, makongamano na vitabu vilivyochapishwa. Mweka hazina hutajwa mwishoni, iwapo anatajwa. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya utendaji ya chama cha Kiswahili chenye wanachama katika nchi tano au sita anajua kwamba ajenda inayokula muda mwingi ni ya fedha: nani amelipa, nani alilipa mara ya mwisho miaka mitatu iliyopita, na iwapo jarida litoke au lisubiri. Matatizo haya mara nyingi huelezwa kama ugonjwa wa vyama vichanga vya Afrika. Kumbukumbu za chama kikongwe kuliko vyote hivyo zinasimulia habari nyingine.

London: kiingilio shilingi kumi

Tarehe 28 Novemba 1660, baada ya mhadhara wa Christopher Wren katika Gresham College, watu kumi na wawili walikubaliana kuunda chama cha kuchunguza maumbile kwa majaribio. Miongoni mwa mambo ya kwanza kabisa waliyoyaamua siku hiyo ni ada: shilingi kumi za kiingilio, kisha shilingi moja kila juma, mwanachama ahudhurie asihudhurie. William Ball akateuliwa kuwa mweka hazina. Kifungu cha kutohudhuria kinaonyesha kwamba waasisi walijua mapema udhaifu wa kila chama cha hiari, yaani mtu huona analipia kikao, na asipofika haoni deni.

Kwa mwaka mzima shilingi hizo zilifikia pauni 2 na shilingi 12. Hazikuwa kidogo, lakini wengi wa wanachama walikuwa watu wa nafasi na wangeweza kuzimudu. Hawakulipa. Kufikia miaka ya 1670 malimbikizo ya madeni yalikuwa yamekaribia pauni 2,000. Mwaka 1674 baraza la chama liliandaa hati ya ahadi yenye nguvu ya kisheria ili kila mwanachama aitie saini na aweze kudaiwa mahakamani. Katika muongo uliofuata majina ya wasiolipa yalianza kufutwa daftarini.

Katika mazingira hayo Isaac Newton, aliyechaguliwa mwaka 1672 na aliyekuwa akiishi Cambridge, alisamehewa ada yake ya kila juma mwaka 1675. Wanachama wa nchi za nje nao kwa kawaida hawakudaiwa. Msamaha wa namna hii una mantiki yake, kwa kuwa chama kinahitaji akili na barua za watu walio mbali, na hakuna njia rahisi ya kuwatoza. Lakini ulikuwa na gharama. Kila msamaha uliwapa waliobaki sababu ya kujiuliza kwa nini wao walipe.

Aliyeumia kwanza ni mwajiriwa. Robert Hooke aliteuliwa mwaka 1662 kuwa msimamizi wa majaribio, kazi iliyotaka aandae maonyesho mapya kwa ajili ya vikao. Mwaka 1664 Sir John Cutler, mfanyabiashara tajiri, aliahidi kumlipa pauni 50 kwa mwaka kwa ajili ya mihadhara. Chama kiliipokea ahadi hiyo kwa furaha iliyopita kiasi: kikapanga mshahara wa Hooke kuwa pauni 80, hamsini za Cutler na thelathini za chama. Thelathini hizo zingeweza kupatikana kwa ada kamili za wanachama kumi na wawili tu. Cutler aliacha kulipa, na Hooke alilazimika kwenda mahakamani. Alishinda kesi mwaka 1696, Cutler akiwa amekwisha kufariki. Ruzuku ya mtu mmoja ilikuwa imechukua nafasi ya wajibu wa wengi, na ilipokatika hakukuwa na wa kuujaza pengo isipokuwa mwajiriwa mwenyewe.

Mfalme Charles II naye alitoa hati za kifalme, jina na siwa. Fedha hakutoa. Jengo la Chelsea College alilolikabidhi kwa chama lilikuwa mzigo, na mwaka 1682 lilirudishwa kwake kwa pauni 1,300. Kilichofuata kinastahili kutazamwa kwa makini na msomaji wa Afrika: katika miaka ya 1680 sehemu ya fedha za chama iliwekwa katika hisa za Royal African Company, kampuni iliyokuwa ikisafirisha Waafrika kwenda utumwani ng'ambo ya Atlantiki. Ada zilizokwama zilikisukuma chama kutafuta mapato yasiyotegemea wanachama, na mapato hayo yaliletwa na biashara ambayo vikao vya sayansi havikuhitaji kuizungumza.

Kitabu cha samaki

Tukio linalosimuliwa zaidi ni la mwaka 1686. Chama kiligharimia uchapishaji wa Historia Piscium, kitabu kikubwa cha samaki kilichoanzishwa na Francis Willughby na kukamilishwa na John Ray, chenye picha nyingi za kuchongwa kwenye mabamba. Nakala 500 zilichapishwa. Hazikununuliwa. Mwaka huohuo muswada wa Principia wa Newton ulifika mezani, na hazina ilikuwa tupu. Baraza likaamua kwamba Edmond Halley, karani wa chama, asimamie uchapishaji kwa gharama zake mwenyewe. Alikubali, na kitabu kikatoka mwaka 1687. Halley aliyekuwa ameahidiwa mshahara wa pauni 50 alilipwa kwa nakala 50 za kitabu cha samaki.

Kisa hiki huchekesha, na kwa kuchekesha huficha jambo. Uamuzi wa kuchapisha kitabu cha samaki haukuwa wa kipumbavu. Kilikuwa kazi ya kitaaluma ya kiwango cha juu, na Samuel Pepys, rais wa wakati huo, alichangia pauni 50 kwa ajili ya picha. Kosa lilikuwa kutumia fedha ambazo zilikuwa zimeandikwa daftarini tu. Deni la wanachama lilihesabiwa kama mali. Wala jarida maarufu la Philosophical Transactions halikuwa mradi wa chama kwa miaka mingi: Henry Oldenburg alilianzisha mwaka 1665 kwa hatari yake mwenyewe, na chama kililichukua rasmi mwaka 1752 tu.

Afrika Mashariki: kamati isiyo na ada

Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi Januari 1930 haikupitia shida hizo. Ilikuwa na wajumbe kumi na saba: wanne kutoka kila moja ya nchi nne, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, pamoja na katibu. Serikali za nchi hizo ziliigharimia. Hakukuwa na kiingilio wala daftari la wadaiwa. Kazi ilifanyika: vitabu vya shule vilikaguliwa, tahajia ikasawazishwa, na kamusi mbili za Kiswahili Sanifu zikachapishwa mwaka 1939 chini ya jina la Frederick Johnson, katibu wa kwanza.

Lakini mwanzoni hapakuwa na Mwafrika hata mmoja mezani. Msemaji wa Kimvita ambaye lahaja yake iliachwa pembeni na Kiunguja hakuwa na ada ya kuzuia wala kura ya kupiga. Mwanachama wa London aliyechukizwa na kitabu cha samaki aliweza walau kukataa shilingi yake. Pia makao ya Kamati yalihama kila mara: Dar es Salaam, Nairobi mwaka 1942, Makerere mwaka 1952, Mombasa mwaka 1962, kisha Dar es Salaam tena, ambako mwaka 1964 iliingizwa katika Chuo Kikuu na kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Ilihamia Makerere katika kipindi kilekile ambacho serikali ya Uganda ilikuwa ikiiondolea lugha hiyo nafasi yake shuleni. Ni vigumu kudhani kwamba chama cha wanachama wenyewe kingechagua mahali hapo kwa wakati huo.

Urithi wa mifumo miwili

Taasisi za leo zimerithi pande zote mbili. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao Zanzibar ni chombo cha Jumuiya, na Mkataba wa Jumuiya, katika ibara ya 132, uliweka michango sawa ya nchi wanachama kuwa msingi wa bajeti. Nchi ikichelewa, Kamisheni inachelewa. Vyama vya wasomi, kwa upande wao, vimezoea kuifungasha ada ya uanachama ndani ya ada ya kongamano. Ni njia inayofanya kazi, na ndiyo maana imeenea. Lakini inamrudisha mwanachama kwenye fikra ile ambayo watu kumi na wawili wa Gresham College walijaribu kuizuia, kwamba anayelipa ni anayehudhuria. Mwalimu wa Bujumbura au Goma asiyeweza kumudu nauli ya kufika Dar es Salaam anapoteza uanachama pamoja na safari. Katiba nyingi za vyama hivyo hutaja kiwango cha ada. Kifungu kinachosema asiyelipa atafanywa nini, na nani anaweza kusamehewa na kwa uamuzi wa nani, mara nyingi hakimo.