Maziwa Huingia Mwisho

Shangazi yangu wa Mpanda hana hamu na sabuni ya maziwa. Nilimpelekea kipande, akakinusa, akauliza, "Mtoto wa nani kanyimwa maziwa ili hii ipatikane?" Nikacheka. Mwenyewe hakucheka.

Turudi nyuma kidogo. Baada ya vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, nchi ilikaukiwa fedha za kigeni na sabuni ikawa kitu cha kupangia foleni. Mwaka 1983 ulikuja msako wa walanguzi, bidhaa zikazidi kujificha. Watu wakafulia majani ya mpapai. Wenye bahati walipata mawese ya Kigoma, yaliyokuja na treni hadi Kaliua, kisha yakapanda treni ya Mpanda. Reli ile ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi. Nani aliwaza kwamba siku moja itatuogesha?

Shangazi alichemsha mawese na maji ya majivu kwenye sufuria kuukuu. Majivu ya kuni yana potashi, na sabuni ya potashi haigandi ikawa mche. Yake ilikuwa ya kuchota kwa vidole, nyekundu, inang'ang'ania kopo. Maziwa hakutia hata tone. Alikuwa na ng'ombe mmoja na mtoto mchanga. Kidogo kilichozidi kilikuwa samli, na samli ndiyo ilipakwa mwilini.

Nilichomficha ni kwamba kipande kile kilipikwa na mtoto yuleyule, sasa mama wa watu wazima.

Nilimkuta dada jikoni. Kwa kila kilo ya mawese anapima gramu 135 za kostiki, ambayo haina mchezo: glavu, miwani, na kostiki ndiyo inamwagwa kwenye maji, siyo maji kwenye kostiki. Anapika kwa moto mdogo kama saa mbili, hadi rojo linafanana na viazi vilivyopondwa. Ndipo anatia nusu kikombe cha maziwa ya uvuguvugu. Zamani aliyatia mwanzoni. Kostiki ikaunguza sukari ya maziwa, sufuria ikawa ya kahawia na harufu kama ya mkojo. Mwishoni kostiki imeshaliwa na mafuta, haina tena cha kuunguza.

Nikampa swali la mama yake. Akaacha kukoroga.

"Mwambie masika wafugaji wanamwaga."

Kweli. Tangu Wasukuma waanze kuhamia huku na mifugo yao, miaka ya 1970 na kuendelea, maziwa siyo adimu tena. Mvua ikinyesha yanazidi, barabara zinaharibika, mnunuzi hafiki. Ila kiangazi dada hupika bila maziwa. Hilo hakuniambia, niliona mwenyewe Septemba.

Sikumpelekea shangazi jibu. Juzi nilipopita kwake, kile kipande kilikuwa kimepungua nusu. Alisema ni panya.