Historia na Makuzi katika Riwaya ya Habibi

Riwaya ya makuzi aghalabu humtoa kijana nyumbani, ikampitisha katika majaribu, kisha ikamkabidhi utu uzima. Habibi (1997), ya Naomi Shihab Nye, inaugeuza mkondo huo. Liyana Abboud, msichana wa miaka 14, anahamishwa kutoka St. Louis, Marekani, hadi Yerusalemu, mahali ambapo baba yake, Mpalestina, anapaita nyumbani ilhali yeye binti hapajui.

Ni rahisi kuisoma kazi hii kama tawasifu. Baba wa mwandishi alikuwa miongoni mwa Wapalestina takribani 700,000 waliopoteza makao yao katika vita vya 1948, na mwandishi mwenyewe alihamia Yerusalemu pamoja na wazazi wake mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 14. Hata hivyo, Yerusalemu ya 1966 siyo ile ya Liyana. Wakati huo mji ulikuwa umegawanyika: mashariki chini ya Yordani, magharibi chini ya Israeli, na mpaka uliokuwa kati haukuvukwa ovyo na raia. Familia ya mwandishi iliondoka 1967, kabla ya vita vya Juni.

Mwandishi ameisogeza hadithi yake hadi baada ya vita hivyo, na katika uteuzi huo wa wakati ndimo ilimo hoja ya riwaya. Liyana anakutana katika Mji wa Kale na mvulana ambaye anadhani jina lake ni Omar, kumbe ni Omer, Myahudi. Mwaka 1966 urafiki huo usingaliwezekana. Lakini vita vile vile vilivyouondoa mpaka ndivyo vilivyowaleta askari wanaoivamia nyumba ya Sitti, nyanya yake Liyana, na kulivunjavunja bafu lake. Njia iliyomleta rafiki ndiyo iliyomleta askari.

Kwa hiyo, Omer anapozuru kijijini kwa Sitti, msomaji asiione ziara hiyo kuwa suluhu ya mgogoro. Urafiki wa vijana wawili haurudishi kilichopotea 1948, wala riwaya haidai hivyo. Liyana anakomaa anapoweza kumkaribisha mgeni katika nyumba ile ile iliyovamiwa, bila kuusahau uvamizi wenyewe.