Ndui, Chanjo na Mungu wa Kike: Mgongano wa Sayansi na Ushirikina Vijijini India

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, bila shaka umewahi kukumbana na swali linalokutaka ufafanue mgogoro baina ya ukale na usasa. Aghalabu majibu huwa ya aina moja: sayansi ni nuru, imani za kale ni giza, na mwishowe nuru hushinda. Nimesahihisha insha nyingi za namna hii na kuzitunuku alama shingo upande. Hebu tuitazame historia ya ndui nchini India tuone iwapo mambo yalikuwa mepesi kiasi hicho.

Katika vijiji vingi vya kaskazini mwa India na Bengal, ndui ilifasiriwa kuwa ujio wa Shitala, mungu wa kike ambaye jina lake lina maana ya 'aliye baridi'. Huchorwa akiwa amempanda punda, mikononi ana ufagio na chungu cha maji. Mgonjwa alihesabiwa kuwa ametembelewa naye, hivyo alipozwa kwa maji na kwa majani ya mwarobaini, mti tuujuao vyema pwani ya Kenya. Wapo walioikataa chanjo wakichelea kumghadhabisha mgeni huyo.

Hata hivyo, tusiharakishe kuhukumu. Kabla ya chanjo ya Edward Jenner kufika Bombay mnamo 1802, Bengal ilikuwa na wataalamu walioitwa tikadar. Hawa walichukua usaha wa ndui yenyewe, wakautia kwenye ngozi ya mtu mwenye afya ili augue kidogo na kupata kinga. Kazi hiyo iliandamana na ibada kwa Shitala. Imani na tiba zilipikwa chungu kimoja. Serikali ya kikoloni iliiharamisha kazi hiyo mjini Calcutta mnamo 1865. Chanjo, ambayo asili yake ni ng'ombe, mnyama mtukufu kwa Wahindu, ikaonekana kuwa amri ya mtawala. Je, aliyeikataa aliongozwa na ushirikina pekee?

Mwaka wa 1974 ndui iliwapata zaidi ya watu 188,000 nchini India, na jimbo la Bihar likaumia mno. Wahudumu wa afya walipita nyumba kwa nyumba wakionyesha picha ya mgonjwa, kisha wakawachanja wote waliomzunguka aliyepatikana. Palipokuwa na upinzani, nguvu ilitumika mara nyingine. Daktari Mmarekani Lawrence Brilliant amesimulia jinsi walivyovunja mlango usiku na kumchanja kwa nguvu kiongozi mmoja wa jamii ya Ho, aliyeshikilia kuwa wajibu wake ni kuyakubali mapenzi ya Mungu. Mkewe alipigana nao. Baada ya kushindwa, mzee huyo alichuma tango bustanini akawapa wavamizi wake, kwa kuwa sasa walikuwa wageni.

Kisa cha mwisho cha ndui India kilipatikana Mei 1975. Cha mwisho duniani kwa njia ya kawaida kilitokea Somalia, jirani yetu, Oktoba 1977. Shirika la Afya Duniani likatangaza mwisho wa ndui mwaka wa 1980.

Msomaji, nani alishinda? Kuhusu ndui, sayansi ilisema kweli, na tusiifiche kweli hiyo: maelfu kwa maelfu waliokolewa. Lakini kuhusu utu, yule mzee mwenye tango alikuwa na funzo ambalo sindano haikulibeba.

Kwa hivyo, utakapojibu swali la maudhui haya, usikomee kwenye kutaja pande mbili. Jiulize: mhusika anaamini nini, na kwa sababu gani? Usasa umemjia kwa mlango gani, wa hoja au wa mabavu? Na baada ya ushindi, ni nini kilichopotea? Jibu lenye mambo hayo matatu halitampa mtahini nafasi ya kukunyima alama.