Mfuko Uliowapeleka Vijana wa Afrika Mashariki Vyuoni Marekani, 1959–1963

African-American Students Foundation ulikuwa mfuko wa hisani wenye makao yake New York. Ulianzishwa mwaka 1959 ili kuwasafirisha vijana wa Afrika Mashariki na nchi jirani waliokuwa wamepata nafasi katika vyuo vya Marekani lakini hawana nauli. Hadi kufikia mwaka 1963, wanafunzi karibu 800 walikuwa wamekwenda kusoma kwa msaada wake. Jina linalokumbukwa zaidi katika habari hii ni la Kennedy, na ni kweli kwamba fedha za familia hiyo zilifika wakati wa dhiki. Hata hivyo, Mfuko ulisimama kwa sababu mzigo uligawanywa: vyuo vilitoa nafasi na ada, wafadhili wakatoa nauli, ndugu na wanakijiji wakachangia fedha za matumizi, na mwanafunzi mwenyewe akafanya kazi.

Uhaba wa nafasi

Katika miaka ya 1950, kijana wa Kenya, Uganda au Tanganyika aliyemaliza sekondari alikuwa na njia finyu ya kuendelea na masomo. Makerere, Kampala, ilifundisha kwa ajili ya shahada za Chuo Kikuu cha London, lakini nafasi zake chache ziligombewa na wanafunzi wa nchi zote za Afrika Mashariki. Royal Technical College ya Nairobi ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, nayo haikuwa bado chuo kikuu. Waliotaka kusoma Uingereza walitegemea zaidi ridhaa ya serikali ya kikoloni. Uhuru ulikuwa ukikaribia ilhali wahandisi, madaktari, wachumi na wanasheria Waafrika walikuwa wa kuhesabu.

Mtu aliyeshughulikia pengo hilo kwa bidii kubwa alikuwa Tom Mboya. Alizaliwa mwaka 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika eneo la mashamba ya mkonge. Alikuwa mkaguzi wa afya jijini Nairobi kabla ya kuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na Machi 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Katika ziara yake ya Marekani mwaka 1956 alikutana na William Scheinman, mfanyabiashara wa vipuri vya ndege. Urafiki wao ulizaa kazi mara moja: walianza kuwatafutia vijana wachache nauli, na sehemu ya fedha ilitoka mfukoni mwa Scheinman mwenyewe.

Kuanzishwa kwa Mfuko

Aprili na Mei 1959 Mboya alizunguka Marekani akihutubia vyuo, makanisa na vyama vya wafanyakazi. Alikuwa na ombi moja kwa vyuo: viwape vijana wa Afrika nafasi bila ada au kwa ada nafuu. Vyuo vingi vilikubali, vikiwemo vya Wamarekani weusi vilivyozoea kwa miaka mingi kuwasomesha watoto wa watu wasio na kitu. Huko Atlanta alikutana na Martin Luther King, ambaye baadaye alikubali kusaidia gharama za mwanafunzi wa Kenya katika chuo cha Tuskegee, Alabama.

Nafasi zilipopatikana, tatizo likabaki nauli. Mfuko ukaamua kukodi ndege nzima, kwa kuwa gharama ya kila abiria ingekuwa ndogo kuliko bei ya tiketi ya kawaida. Mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia saini barua ya kuomba michango, na maelfu ya Wamarekani wa kawaida wakaitikia, wengi wao kwa fedha kidogo. Nairobi, Mboya alishirikiana na Dkt. Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri kuchambua maombi na kuteua wasafiri.

Nyumbani nako watu walichanga. Kijana aliyepata barua ya chuo alihitaji nguo, vitabu na akiba ya kuanzia maisha. Familia ziliuza mifugo, na majirani wakaandaa mikutano ya michango na karamu za chai ambapo kila mtu alitoa alichonacho. Shilingi hizo hazikuandikwa magazetini, lakini bila hizo barua ya chuo ingebaki karatasi tu. Zilimfunga pia mwanafunzi kwa deni la heshima: alijua ametumwa na watu, na kwamba watamngoja.

Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Miongoni mwao alikuwa Philip Ochieng, ambaye alisoma Chicago na baadaye akawa mmoja wa waandishi mashuhuri wa magazeti ya Kenya, akiwa amefanya kazi pia Daily News ya Dar es Salaam. Mwaka huohuo Barack Obama, baba wa Rais wa 44 wa Marekani, alikwenda kusoma Hawaii. Yeye hakupanda ndege ya Mfuko. Alisaidiwa zaidi na Elizabeth Mooney, Mmarekani aliyekuwa akiendesha kampeni ya kisomo Kenya.

Mwaka wa Kennedy

Mwaka 1960 waliopata nafasi waliongezeka mno, na fedha za ndege hazikupatikana. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikataa kusaidia, na maofisa wa kikoloni walikuwa wakidai kwamba shahada za vyuo vingi vya Marekani ni hafifu. Julai 1960 Mboya alimwendea Seneta John F. Kennedy, mwenyekiti wa kamati ndogo ya Seneti ya masuala ya Afrika, nyumbani kwake Hyannis Port. Mfuko wa familia, uliopewa jina la kaka yake Joseph aliyekufa vitani mwaka 1944, ulitoa dola 100,000 na kuomba jambo hilo lisitangazwe.

Halikufichika. Kennedy alikuwa akigombea urais dhidi ya Makamu wa Rais Richard Nixon, na upande wa Nixon nao ulikuwa umeombwa msaada kupitia Jackie Robinson. Wizara iliyokataa awali sasa ikajitokeza na ahadi ya kiasi kilekile, na suala hilo likazusha mabishano ndani ya Seneti. Mfuko ulipokea fedha za familia ya Kennedy. Mwaka huo walisafiri wanafunzi karibu 300, wakiwemo wa Tanganyika, Zanzibar, Uganda na nchi zilizo kusini zaidi.

Maisha vyuoni

Kazi ya Mfuko haikuishia uwanja wa ndege. Ofisi ya New York, iliyoongozwa na Cora Weiss, iliwapokea wageni, ikawaelekeza vyuoni na kuwatafutia msaada waliokwama. Wanafunzi wengi waliosha vyombo, walifanya usafi au kazi za mashambani wakati wa likizo ili kujazia matumizi.

Walikutana pia na ubaguzi wa rangi. Wangari Maathai, aliyetoka Nyeri na kusafiri mwaka 1960, alieleza jinsi yeye na wenzake waliposhuka kwenye basi jimboni Indiana kutafuta kinywaji baridi wakaambiwa wanaweza kununua, ila wakanywe nje. Safari yake iliishia Atchison, Kansas, katika chuo cha Mount St. Scholastica, ambako watawa wa Kibenediktini walimpokea vizuri. Alipata shahada ya biolojia mwaka 1964, kisha akasoma shahada ya uzamili Pittsburgh.

Matunda na urithi

Safari za Mfuko zilikoma mwaka 1963, Kenya ilipopata uhuru. Wahitimu waliorejea waliingia wizarani, vyuoni, hospitalini, magazetini na katika biashara, wakachukua nafasi nyingi zilizoachwa na wakoloni. Mboya, aliyekuwa waziri, aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969.

Maathai alipata shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na Kati. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement. Wanawake wa vijijini walikuza miche na kulipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika, hivyo ardhi ikapata miti na nyumba zikapata kipato. Alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imepandwa. Kwa njia hiyo nauli ya mwanafunzi mmoja ilirudi kwa jamii nyingi ambazo wafadhili wake hawakuzijua.

Mfano huo umeendelezwa na Zawadi Africa Education Fund, ulioanzishwa mwaka 2002 na Susan Mboya, bintiye Tom Mboya. Mfuko huo huwatafutia wasichana wa Kiafrika wenye akili na wasio na uwezo nafasi za masomo ya chuo kikuu, na huwataka nao wasaidie jamii zao baada ya kuhitimu.