Mtaala wa Kongo: karne ya maagizo kutoka mbali hadi madarasa ya Pangi

Mtaala, ambao walimu wengi wa Kongo huuita programu, ni mpango unaoeleza mwanafunzi atafundishwa nini, katika darasa lipi, kwa lugha gani na kwa saa ngapi kila juma. Pangi, mojawapo ya maeneo ya utawala ya jimbo la Maniema, ambalo makao yake makuu ni Kindu, imeona mpango huo ukibadilishwa mara nyingi katika muda wa karne moja, na kila mara uamuzi ulitoka mbali: kwanza Bruxelles na Léopoldville, kisha Kinshasa.

Kabla ya shule za misheni, Walega wa Pangi walikuwa na utaratibu wao wa mafunzo ya watu wazima ndani ya bwami, chama chenye ngazi ambacho cheo chake cha juu kabisa huitwa kindi. Aliyepandishwa ngazi alionyeshwa vitu kwa mpangilio maalumu, kama vile kinyago cha mti, sanamu ndogo ya pembe ya ndovu au hata kitu cha kawaida cha msituni, na kila kimoja kiliambatana na methali iliyoimbwa na kuchezwa, mpaka funzo lake la maadili likaeleweka. Mafunzo hayo ya hatua kwa hatua hayakupewa nafasi yoyote katika mitaala ya kikoloni, na mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku chama chenyewe.

Msingi wa mitaala hiyo ulikuwa mapatano ya mwaka 1906 kati ya Vatikani na Dola Huru ya Kongo, ambayo yaliwapa wamisionari Wakatoliki ardhi kwa sharti la kufungua shule zenye mafunzo ya kilimo na kazi za mikono, huku ratiba ya masomo ikipelekwa kwa Gavana Mkuu ili aikubali. Mwaka 1929 yalifuata maagizo yaliyopanga ngazi za shule na kutoa ruzuku kwa misheni zilizohesabiwa kuwa za kitaifa, yaani za Wabelgiji, hivyo Waprotestanti wakakosa msaada huo mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili. Miaka ya mwanzo ilifundishwa kwa lugha za wenyeji, na lengo lilikuwa kupata mkulima, fundi na karani mtiifu kuliko msomi. Lengo hilo halikugongana na mahitaji ya kampuni kama Symétain, iliyochimba bati huko Kalima, ndani ya eneo hilohilo la Pangi, tangu miaka ya 1930.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960, viongozi walitaka shule moja ya taifa, na mwanzoni mwa muongo huo Kifaransa kikafanywa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Mwaka 1967 ulianzishwa mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ambao tangu hapo umekuwa na nguvu kubwa, kwa sababu somo lisiloulizwa katika mtihani hupuuzwa upesi hata likiwa limeandikwa katika programu. Mwishoni mwa 1974 serikali ya Rais Mobutu ilizitwaa shule za makanisa, na somo la dini likaipisha elimu ya uraia na siasa ya chama tawala. Lakini mwaka 1977 mkataba mpya uliyarudishia makanisa usimamizi wa shule zao, serikali ikibaki na mamlaka juu ya programu, ukaguzi na mitihani.

Sheria ya mwaka 2014 iliunda elimu ya msingi ya miaka minane, yaani sita ya shule ya msingi na miwili ya sekondari, na ikatambua lugha za taifa kuwa nyenzo ya kufundishia kando ya Kifaransa. Kwa Maniema lugha hiyo ni Kiswahili, ingawa mtoto wa kijiji cha Pangi anayezungumza Kilega nyumbani huanza hata hapo kwa lugha ya pili. Mwaka 2018 zilitolewa programu mpya za sayansi za darasa la saba na la nane, ambazo humtaka mwalimu aanze na tatizo la maisha ya kila siku, kisha amwongoze mwanafunzi kulitatua, badala ya kumkaririsha tu.

Programu ikishaandikwa na wataalamu na wakaguzi wa wizara, safari yake haijaisha. Shuleni huzaa mgawanyo wa masomo wa mwaka, mgawanyo huo hujaza jurnali ya darasa, na kila somo huandikiwa fishi, yaani karatasi ya matayarisho yenye lengo, mifano na maswali, ambayo mkaguzi huidai kwanza anapoingia. Mahali ambapo kitabu hakijafika, mwalimu huandika muhtasari ubaoni, wanafunzi wakaunakili, na somo lililokusudiwa kuwa utafiti hurudi kuwa imla. Kwa hiyo umri wa mtaala katika eneo kama Pangi hauhesabiwi tangu siku waziri alipoutia saini, bali tangu vitabu vilipofika na mwalimu akafundishwa kuvitumia.