Majina ya Uraibu na Njia ya Kuifikia Tiba katika Afrika ya Mashariki

Historia ya tiba ya ulevi na dawa za kulevya huelezwa mara nyingi kwa kutaja sheria na hospitali. Lakini mgonjwa hafiki hospitali kabla ya kupewa jina na watu wake, na jina hilo ndilo limuonyeshalo mlango wa kwenda. Kwa hiyo yafaa majina hayo yachunguzwe.

Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliwazuilia Waafrika wa sehemu kubwa ya bara hili vileo vikali. Serikali za kikoloni ziliutazama ulevi kama jambo la kukatazwa kuliko maradhi ya kuuguzwa. Aliyezidiwa aliweza kufikishwa mahakamani, au katika hospitali za wagonjwa wa akili, mathalan Mathari ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1910, na Mirembe ya Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1927. Baadaye jina Mirembe likawa neno la dhihaka mitaani. Basi mlevi alikuwa ama mkosaji ama mwenda wazimu, na jamaa walioogopa majina yote mawili walimficha nyumbani.

Lugha yenyewe, hata hivyo, ilikuwa na neno lisilo na ukali huo. Uraibu, katika matumizi ya zamani ya pwani, ni vitu vya kutafuna kama tambuu, popoo na tumbaku. Ni jambo la barazani, la mazoea na ukarimu. Kutoka katika maana hiyo neno limepanuka hata likataja hali ya mtu aliyetawaliwa na kilevi, naye akaitwa mraibu. Jina hili halimhukumu mtu. Lasema tu kwamba mazoea yamemshinda.

Heroini ilipoenea pwani tangu miaka ya 1980, vijana waliunda msamiati wao. Heroini iliitwa unga. Kipimo chake kidogo kikaitwa kete, kama mbegu ya bao. Na mateso ya kuukosa yakaitwa arosto. Mtumiaji akawa teja, wingi mateja. Umbo hili laonekana kutoka katika mteja, yaani mnunuzi. Kiambishi m- cha watu kimeondoka, na neno limeingia ngeli ya ji-/ma-, ambayo mara nyingi hubeba dharau. Mtu amevuliwa utu kwa kuondolewa silabi moja.

Milango mipya ilifunguka polepole. Katika pwani ya Kenya, Omari Project ilianza kazi mwaka 1995. Mnamo Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto. Baadaye zikafuata Mwananyamala na Temeke. Nchini Kenya huduma hiyo ilianza Mathari mwezi wa Desemba 2014, ikafika Malindi mwaka 2015. Mwaka huohuo Unguja nayo ilianza, katika hospitali ya Kidongo Chekundu.

Wengi wa waliofika Muhimbili mwanzoni hawakujiongoza wenyewe. Walifuatwa maskani na wahudumu wa asasi za kijamii, wakazungumzwa nao kwa maneno ya maskani, kisha wakapelekwa kwa mganga. Asiyejua maana ya arosto hangeweza kumweleza mtu faida ya methadoni.

Njia haikuishia hapo. Dawa hii kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na ingawa haiuzwi, nauli yalipwa. Akaaye mbali na mjini aujua mlango lakini haufikii. Wanawake nao wamekuwa wachache miongoni mwa wanaotibiwa, kwa kuwa aibu ya jina huwalemea zaidi.

Historia hii yaonyesha kwamba neno moja halitoshi. Mama anayeuliza amfikishe wapi mwanawe hulijua neno teja, na tangazo lisemalo waraibu tu laweza kumpita. Lakini kijana huyo akiitwa teja mbele ya meza ya kuandikishwa, aweza kugeuka asirudi tena. Tangazo la huduma na liseme kwa lugha ya mtaa. Daftari la hospitali na limrudishie mtu kiambishi chake, aandikwe mgonjwa, mraibu, au mteja.