Umbali na muda wa safari ya ndege kati ya Wilson na Eldoret

Wilson na Eldoret ni viwanja viwili vya ndege nchini Kenya vilivyotengana kwa takriban kilomita 260 angani, sawa na maili 140 za baharini. Mstari ulionyooka kati yake unaelekea kaskazini-magharibi, ukivuka Bonde la Ufa na kupita karibu na Salgaa, kaunti ya Nakuru.

Viwanja

Wilson uko kusini mwa jiji la Nairobi, takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Umepewa jina la Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929. Uwanja wa Eldoret ulifunguliwa mwaka 1997. Uko kusini mwa mji huo, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,115. Hewa ya huko ni nyepesi, hivyo ndege huhitaji mbio ndefu zaidi ili kuruka. Njia yake ya kurukia ina urefu wa kilomita 3.5.

Mkondo

Mstari huo unapita Mlima Longonot na Ziwa Naivasha, unakaribia Njoro, kisha Salgaa, ambapo karibu theluthi mbili ya safari imekwisha. Baada ya hapo ardhi iliyo chini yake inapanda hadi Timboroa, penye mwinuko unaozidi mita 2,700. Rubani halazimiki kuufuata mstari wenyewe: waongozaji wa ndege na hali ya hewa huweza kumzungusha.

Muda

Kwa mwendo wa kilomita 500 kwa saa, kilomita 260 humalizika kwa dakika 31. Hata hivyo, ratiba hutenga kati ya dakika 45 na saa moja, kwa kuwa ndege hutembea kwanza uwanjani, hupanda taratibu, na hupunguza mwendo kabla ya kutua. Ukijumlisha ukaguzi wa abiria na mwendo wa gari kwenda na kutoka viwanjani, safari nzima hufikia takriban saa 3.

Barabara ya Salgaa

Kwa barabara, Nairobi hadi Eldoret ni zaidi ya kilomita 300, na safari huchukua saa 5 hadi 6, au zaidi kukiwa na msongamano. Salgaa ni kituo cha mapumziko cha madereva wa malori yanayotoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda na nchi jirani. Mteremko wa kutoka Mau Summit kuja Salgaa ni mrefu, na lori lenye shehena likiishiwa breki huwa vigumu kulisimamisha.

Mnamo tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilianguka Sachangwan, kwenye barabara hiyo, na kulipuka watu wakiteka mafuta. Zaidi ya 100 walifariki. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, kwenye barabara hiyohiyo, na kuua watu 36. Baadaye ukuta wa zege ulijengwa kutenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka.

Ndege humwokolea abiria wa Eldoret saa 2 au 3, lakini shehena nzito na wasafiri walio wengi bado hupita Salgaa. Usalama wa mteremko huo unastahili kupewa uzito uleule unaopewa usalama wa anga.